Kuwavusha wanafunzi hadi Makumbusho ya Lamu

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha darasa la sita. Nataka kuwaleta wanafunzi arubaini makumbushoni watazame sanaa. Nianzie wapi?
Mwalimu, Mokowe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na barua. Mwalimu mkuu aipige muhuri, nawe uifikishe makumbushoni mapema, utaje idadi ya watoto na umri wao. Mkivuka bahari kutoka Mokowe kuja kisiwani Lamu, botini kila mmoja avae jaketi la kuokolea, hata yule anayejidai kuogelea kama papa.

Mkishaingia, usiwakimbize chumba kwa chumba. Wakalishe mbele ya zile siwa, yaani baragumu kubwa za zamani: ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ya shaba. Wape penseli na karatasi, wachore nakshi wanavyoziona. Maelezo ya kwamba zilipulizwa kwenye sherehe za wakubwa yaje baadaye. Ukiyatanguliza, wataandika tu wala hawatatazama.

Arubaini ni wengi, wagawe. Nusu waende Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, kisha wabadilishane. Mahamri wale baada ya ziara, maana vidole vya mafuta na kuta za chokaa havipatani!

Nauli ya kurudi mlipe nahodha mkishashuka Mokowe. Nawajua hao.