Maswali yenu: chokaa ya maganda ya chaza na dizeli ya mafuta ya viazi karai

Mwalimu, shikamoo. Klabu yetu ya sayansi inataka kugeuza mafuta yaliyokaangiwa viazi karai kuwa dizeli kwa methanoli, na kichocheo, yaani cha kuharakisha mgeuko, ni chokaa. Hii ya gunia haifai? (Mwanafunzi, Malindi)

Marahaba. Ya gunia kwa kawaida imeshazimwa kwa maji, nguvu yake ni ndogo. Mnayoitaka ni isiyozimwa. Osheni maganda ya chaza, yasageni, yachomeni kwenye tanuri ya maabara kwa nyuzi 900, kwa muda wa saa tatu hivi. Kama yameiva, mizani itasema: gramu 100, kaboni dayoksaidi ikishatoka yote, hubaki kama 56. Mkipata 70, ndani bado mabichi, yarudisheni motoni. Yakitoka, yatieni upesi kwenye chupa ya kubana, maana unyevu wa pwani hii huizima chokaa kabla hamjaitumia. Na methanoli si ya kuchezea: mvuke wake hudaka moto, ikinywewa hupofusha. Fanyeni maabara, mwalimu akiwepo.

Tumetumia chokaa ile ile mara tatu na kila mara mafuta yamegeuka yote. Tuandike kwamba haichoki? (Mwalimu wa kemia, Lamu)

Msiandike bado. Kichocheo kikiwa kingi na muda ukiwa mrefu, hata kilichopoteza nusu ya nguvu kitamaliza kazi, nanyi hamtajua. Kila awamu isimamisheni dakika ile ile, ile ambayo katika awamu ya kwanza mafuta yalikuwa yamegeuka nusu tu, kisha linganisheni kiasi kilichogeuka. Kuchoka huonekana hapo.

Kuna kipimo kingine, na hiki wengi hukikwepa kwa sababu huwaharibia ripoti nzuri. Mmenyuko ukiwa katikati, ungali moto, chujeni chokaa yote itoke, halafu uacheni mchanganyiko uendelee wenyewe kwa nyuzi 60. Mafuta yakizidi kugeuka, basi sehemu ya chokaa imeyeyuka humo, na kazi mliyoisifia haikufanywa na unga mnaoutumia tena peke yake. Kwa chokaa hutokea sana.

Mafuta yangu yameganda kama sabuni. (Malindi)

Ni sabuni hasa. Mafuta yaliyokaangiwa mno yana asidi nyingi, nayo hushikana na chokaa. Tafuta yasiyochakaa sana, yachuje, yapashe hadi maji yaishe, yaache yapoe ndipo utie methanoli.

Makombe niokote ufukweni?

Omba maganda jikoni kwenye hoteli. Hifadhi ya Bahari ya Malindi inalindwa tangu 1968. Humo hata kombe tupu haliokotwi.

Naweza kuitia dizeli hii kwenye boti? (Nahodha, Lamu)

Bwana nahodha, si kabla haijaoshwa na kupimwa. Viwango vya Ulaya na Marekani haviruhusu kalsiamu na magnesi, zikijumlishwa, kuzidi miligramu 5 kwa kilo ya dizeli ya namna hii, kwani mabaki yake huziba nozeli. Na kama mashine yako ni ile ya kufunga nyuma, ya petroli, usiitie hata tone.