Usiiache kompyuta iamini kuwa Yanga ni mnyama

Ukitaka kompyuta ijikusanyie maarifa kutoka kwenye wavuti, unaipa mifano michache ya kundi fulani. Yenyewe inapitia kurasa za wavuti, inatafuta sentensi zenye mifano hiyo, inajifunza maneno yanayoizunguka, na kwa maneno hayo inavua mifano mipya inayokuwa mbegu za mzunguko unaofuata. Ndivyo ulivyofanya mradi wa NELL (Never-Ending Language Learner, yaani mfumo unaojifunza bila kukoma) wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon chini ya Tom Mitchell, ulioanza Januari 2010 kwa mbegu 10 hadi 15 kwa kila kundi.

Kwa Kiswahili, ruwaza nzuri za kuanzia, yaani mipangilio ya maneno inayojirudia, ni "miji kama vile…", "… na miji mingine" na "… ni mji mkuu wa…". Ile ya "mingine" iandike kwa kila ngeli: wanyama wengine, miji mingine, magonjwa mengine. Ukiandika moja tu, sentensi nyingi zitakupita.

Tatizo kubwa linakuja baadaye. Tuseme mbegu za wanyama ni simba, chui na tembo. Kurasa za michezo ni nyingi mno, kwa hiyo kompyuta inajifunza "Simba ilicheza na…", na mara moja Yanga na Azam wanaingia kundi la wanyama. Mizunguko michache tu, kundi zima limekuwa Ligi Kuu. NELL nayo ilipatwa na hilo: kwa Kiingereza biskuti na vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari vina jina moja, ikaishia kuhesabu mafaili ya kompyuta kuwa vitu vya kuokwa.

Dawa ya kwanza, na kwetu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kufundisha makundi yanayokatazana kwa wakati mmoja. Fundisha timu pamoja na wanyama, kisha weka sharti kwamba kilichomo huku hakiingii kule. Usigeuze herufi kubwa kuwa ndogo unaposafisha maandishi. Halafu tumia zawadi ambayo Kiingereza hakina, upatanisho wa ngeli kwenye kitenzi: "simba amejeruhiwa" ni mnyama, "Simba imefungwa" ni klabu. "Wamefungwa" haitakusaidia, iruke.

Sentensi iliyonakiliwa kwenye tovuti arobaini ihesabu mara moja. Usikubali jambo mpaka liletwe na ruwaza mbili tofauti, kutoka tovuti zisizonakiliana.

Hifadhi pia anwani na tarehe ya ukurasa. Kurasa kibao bado zinasema mji mkuu wa Tanzania ni Dar es Salaam, ingawa uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973 na sheria ya kuitangaza ni ya 2018. Kwa kuhesabu kura tu, uongo wa zamani unaweza kushinda.

Na lazima mtu akague. Katika siku 67 za mwanzo NELL ilikusanya mambo zaidi ya 242,000, lakini usahihi wa yaliyoingia ulikadiriwa kushuka kutoka asilimia 90 hadi 71, kisha 57, kwa sababu kosa la leo ni mbegu ya kesho. Tenga dakika kumi au kumi na tano kila siku, ukianzia kwenye ruwaza zilizoleta mambo mengi ghafla. Ukikuta kosa, futa na ruwaza iliyolileta. Ukiiacha, mzunguko unaofuata utalirudisha pamoja na wenzake.