Usikate hilo jora kesho! (jibu kwa aliyeuliza kuhusu jaketi za pamba ya kufumwa kwa mkono)

Mpigie fundi sasa hivi umwambie aweke mkasi chini. Mengine tutayaongea baadaye.

Umeandika kwamba una majora mawili ya pamba iliyofumwa kwa mkono, kitenge cha mifuko umekitoa Biashara Street hapa Nairobi, bitana na zipu Eastleigh, na kesho fundi wako wa Uhuru Market anakata jaketi zote kwa mpigo ili bei ya kukata ishuke. Ukauliza bei ya kushona, lebo zinatengenezwa wapi, na picha za kuuzia upigie wapi. Nimesoma mjadala wote nikitafuta mahali umesema kitambaa kimefuliwa. Hakuna.

Mimi nilikata bila kufua. Jaketi karibu 40, mtindo uleule unaoutaka wewe. Zilitoka kwa fundi zimepigwa pasi, zinapendeza hadi nikaanza kujiita mbunifu. Halafu mteja wa kwanza akanitumia picha WhatsApp, bila hata salamu. Alikuwa ameifua tu, kwa beseni na sabuni ya kawaida, kama binadamu yeyote. Mikono ilikuwa imepanda juu ya vifundo. Zipu imejikunja mawimbi kutoka shingoni hadi chini, kwa sababu utepe wa zipu ni poliesta na poliesta hairudi, yaani haipungui ukubwa ikifuliwa, lakini pamba iliyoshonewa humo ilikuwa imerudi. Bitana nayo ilibaki na urefu wake wa dukani, ikawa inachungulia chini ya pindo kama petikoti ya shangazi. Na mifuko ya kitenge imevimba, kwa kuwa kitenge kilirudi kidogo na jaketi likarudi sana. Vitambaa vitatu, kila kimoja na akili zake.

Zilizobaki niliwagawia binamu. Ukikutana na watoto wa ukoo mmoja Kayole wamevaa sare ambayo si ya shule yoyote, usiulize.

Sasa yule aliyeniuzia. Nilimuuliza waziwazi, "Hiki kinarudi?" Akanitazama machoni akasema, "Hii ni pamba safi, mama, haiwezi kurudi." Pamba safi ndiyo inayorudi! Nyuzi huvutwa zikikaza kwenye mtambo wa kufumia, na zikikutana na maji hulegea na kujikusanya. Viwanda vikubwa vina mashine za kubana kitambaa mapema kwa mvuke ili kisimsumbue mnunuzi. Mfumaji wa mkono hana mashine hiyo, kwa hiyo kazi hiyo ni yako. Na kuna mshauri mmoja wa biashara niliyemlipa pesa nzuri kwa darasa lake la WhatsApp, akatuambia sampuli ni woga, soko halingoji. Soko lilinirudishia jaketi kwa boda, bwana mshauri, na nauli nikalipa mimi. Fundi simlaumu. Fundi hulipwa kwa kipande; umempa kitambaa, amekata.

Fanya hivi. Kwanza hakikisha umeuziwa pamba kweli: chomoa nyuzi chache uziwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Ikiyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi, umechanganyiwa poliesta. Halafu kata kipande cha sentimita 50 kwa 50 kutoka kila kitambaa, bitana ikiwemo. Vifue jinsi mteja mwenye haraka atakavyofua, maji ya moto na jua kali, vipige pasi, upime tena. Pima marefu na mapana kila upande peke yake, maana aghalabu havirudi sawa. Kama 50 imekuwa 47, hiyo ni asilimia 6, na mkono wa jaketi wa sentimita 62 umepoteza karibu 4. Hapo ndipo utajua kwa nini nimeandika kwa hasira.

Kisha fua majora yote. Yakate vipande vya mita tatu au nne, miisho ipigwe ovaloki isije ikafumuka, loweka, usikamue kwa kusokota, anika yakiwa yamenyooka, pasi ipigwe yakingali na unyevu kidogo. Najua Nairobi maji ya mfereji yana ratiba yake na msimamizi wa ploti atakuuliza kwa nini umeteka kamba zote za juu ya paa. Mpe chai. Kama ni Julai, subira.

Kuna atakayekuambia usifue, uongeze tu hiyo asilimia kwenye karatasi ya kukatia, ile yenye umbo la kila kipande cha nguo. Hilo linaweza kufaa shati la kitambaa kimoja. Wewe una pamba, kitenge, bitana na zipu kwenye nguo moja. Utaongeza wapi na wapi? Na yule aliyesema kwenye mjadala huu kwamba kufua kutaondoa mng'aro wa kitenge: mng'aro huo ni wa dawa na wanga wa kiwandani, na utatoka tu. Heri utokee kwako kuliko kwa mteja.

Kitambaa kikikauka, bado usikate jora. Shona sampuli ya marekani kwanza, kile kitambaa cheupe cha bei ya chini, kwa kufuata karatasi ya kukatia ya fundi. Ivae, kaa, nyosha mikono kama mtu aliyeshika chuma cha matatu. Ikibana kwapani, rekebisha karatasi. Halafu shona jaketi MOJA la kitambaa chenyewe, zipu, bitana, mifuko, vyote, ulifue mara kadhaa. Likitoka limenyooka, mwite fundi akate yaliyobaki. Atanung'unika kwamba bei ya kukata moja si ya jumla. Mlipe.

Bei ya kushona itategemea bitana na mifuko, mpelekee hiyo sampuli ndipo mkubaliane, maana bei ya mdomo hubadilika akiona zipu.

Hebu jibu kwanza: kitambaa bado kiko kwako, ama fundi alishakichukua?