Kaburi la Robert Jones, Peterchurch

Umeuliza kwa nini jiwe la kaburi la Robert Jones, huko Peterchurch, kijiji cha Herefordshire, Uingereza, halielekei upande mmoja na mengine. Jones alikuwa askari wa Uingereza pale Rorke's Drift, kituo cha misheni kilichopo Afrika Kusini ya leo, Januari 1879, dhidi ya Wazulu. Yeye na askari mwenzake William Jones walilinda chumba cha hospitali kwa singe, wagonjwa sita kati ya saba wakatolewa salama. Akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Baadaye akawa kibarua wa shamba Herefordshire, akiandamwa na jinamizi la usiku ule. Septemba 1898, akiwa na miaka 41, aliazima bunduki ya kuwinda kunguru, ikamuua. Uchunguzi ukaamua kajiua akili ikiwa imevurugika. Zamani kanisa liliona kujiua ni dhambi, ndiyo maana jiwe lake likageuzwa hivyo. Hata jeneza, wanasimulia, lilirushwa juu ya ukuta, geti alinyimwa. Shujaa mzima!