Shuka Kwenye Bodaboda Kwanza, Hamasa Tutaongea Baadaye

Wiki hii mmeandika wengi, na nusu yenu mnauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Nimechagua haya.

Shikamoo Mwalimu. Kila Jumatatu naanza mazoezi, ikifika Alhamisi nimeshaacha. Hamasa nitaipata wapi? (Mama wa Pasua, Moshi)

Marahaba. Hamasa haiuzwi soko la Mbuyuni, na hata ingeuzwa, ungeinunua Jumatatu ikaoza Alhamisi. Shida yako ni ratiba. Umejipangia kuruka kamba saa nzima ukitoka kazini, watoto hawajala, jiko halijawashwa. Nani ataiweza hiyo?

Sasa nikuulize: kutoka Pasua kwenda mjini unapanda nini? Usijibu, najua. Kesho acha nauli ya bodaboda nyumbani, beba ya kurudia tu. Ukiwa na hela mkononi utaita pikipiki. Ukiwa huna utatembea. Dakika 30 kwa siku, siku tano, tayari umefikisha zile 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima azifikishe, tena bila kununua raba. Ila usitembee kama unayesindikiza mgeni. Tembea kama aliyechelewa, uweze kuongea lakini usiweze kuimba.

Bibi zetu walikata majani tambarare wakayapandisha kichwani hadi Kibosho, huko mlimani. Hamasa hawakuwa nayo, ng'ombe alikuwa na njaa. Tafuta ng'ombe wako. (Vijana wa bodaboda msininunie, mizigo ipo ya kutosha.)

Nina kitambi na nina harusi baada ya wiki mbili. Zoezi gani litakimaliza? (Wengi wenu, Arusha na Moshi)

Hakuna. Hata ukifanya zoezi la tumbo mara mia kwa siku, mwili ndio unaoamua mafuta yaanze kutoka wapi. Mwambie fundi aachie suti. Na swali hili sitalijibu tena mwaka huu.

Kuna dada kaniuzia chai ya kupunguza uzito. Wiki moja nimeshuka kilo 3. Niendelee? (Kijenge, Arusha)

Umeshusha maji na choo. Nyingi ya chai hizi huwa na sanamaki, ambayo wazee wanaijua kwa kufungua choo, siyo kwa kuyeyusha mafuta. Mafuta yako yapo palepale. Kunywa maji na kula kawaida siku mbili tatu, utaona kilo zinavyorudi. Ukiigeuza chai ya kila siku, utakuwa unaharisha na madini ya mwili. Potasiamu ikishuka sana, moyo unapiga ovyo. Anayemeza vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, asiiguse. Na pakiti isiyoandikwa kilichomo usiipokee hata bure. Halafu nina hakika hiyo chai uliletewa na bodaboda.

Mwezi mzima natembea saa nzima kila siku, mzani hausogei. (Sakina, Arusha)

Hukuniambia ukirudi unakunywa nini. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko vinane hadi tisa vya chai. Chipsi mayai sizigusi leo, nitagombana na watu.

Halafu acha kupima leo stendi, kesho duka la dawa. Mzani mmoja, asubuhi kabla ya chai, mara moja kwa wiki. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, maana suruali inaweza kulegea mzani ukiwa bado umenuna. Na kama una uchovu usioisha na baridi unayoisikia peke yako, nenda hospitali wakupime tezi ya shingo.

Nimejiandikisha kilomita 21 Kilimanjaro Marathon. Zimebaki wiki tatu na sijakimbia hata siku moja. (Njoro, Moshi)

Kimbia zile 5. Njia ya 21 inapanda kuelekea Mweka, na wewe hujapanda hata ngazi.

Mwaka mzima nahangaika Dar nipungue. Nikija Machame Krismasi narudi na kilo zote, na nikikataa chakula ndugu wananuna. (Mchagga wa Dar)

Usikatae. Kumkatalia mama mkwe mtori wake ni kutafuta kikao cha ukoo. Omba bakuli dogo, kula taratibu, sifia. Mbege nayo msiigeuze uji kwa kuwa ni ndizi na ulezi. Ni pombe, na inashibisha. Shika kata moja, mpokezane.

Lakini siku kumi za mbuzi na kisusio, ile supu ya damu, hazikuharibii kama gari lako. Umeliendesha zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, sawa, likifika uani lilale. Nawaona kila Desemba: kanisa ambalo ukiwa darasa la tatu ulilikimbilia peku ukawahi ibada, leo unaliendea na gari. Kwa shangazi, vihamba vitatu (mashamba ya migomba) kutoka kwenu, gari. Ile miinuko watalii wanailipia kwa dola, wewe umezaliwa juu yake.

Gari likikaa siku kumi bila kuwashwa betri ikafa, msilisukume kwa kuita vijana. Sukuma mwenyewe.