Barafu ikiyeyuka, na chembe zake zinayeyuka?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi niko darasa la saba. Tumefundishwa kwamba kila kitu kimeundwa na chembe na hazitulii hata sekunde moja, sasa mbona meza ninayoandikia imetulia tuli? Halafu barafu ikiyeyuka, chembe zake nazo zinayeyuka? Rafiki yangu kasema ndiyo ila mi sijaridhika.

JIBU: Marahaba, na umefanya vizuri kutoridhika, maana hapo rafiki yako kakosea, na hilo kosa hata watu wazima wengi wanalo. Chembe haiyeyuki. Molekuli ya maji, yaani chembe moja ya maji, ikiwa kwenye barafu, kwenye maji ya kunywa au kwenye mvuke ni ile ile, hailainiki wala haivimbi, kinachobadilika ni zilivyokaa na zinavyokwenda, basi. Ugumu au umajimaji ni tabia ya chembe nyingi zikiwa pamoja, huwezi kuikuta kwenye chembe moja. Na ni nyingi kweli, gramu 18 tu za maji zina molekuli kama 6 yenye sifuri 23 nyuma yake.

Sasa meza. Kwenye yabisi, yaani kitu kigumu kama meza, kila chembe imeshikwa na jirani zake kwa hiyo inatikisika pale pale ilipo, haihami, na wakati hii inaenda kushoto ile inaenda kulia, halafu mtikisiko wenyewe ni mdogo kupita kiasi, ndo maana wewe unaiona meza imetulia.

Barafu ukiipa joto chembe zake zinatikisika kwa nguvu zaidi mpaka zinaanza kuachiana, na hapa kuna jambo ambalo mimi nalipenda sana: chukua maji yenye barafu, tia kipimajoto, koroga taratibu, utaona kinabaki karibu na nyuzi 0 mpaka barafu iishe yote japo joto linaingia muda wote. Joto hilo halijapotea, limetumika kuzilegeza chembe zilivyoshikana. Zikishakuwa maji bado zinagusana, ila zinateleza zikipitana, ndo maana maji yanafuata umbo la chombo. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, jaza maji, ziba mdomo kwa kidole kisha sukuma, haliendi. Jaza hewa usukume tena, linakwenda, kwa sababu kwenye gesi katikati ya chembe pako wazi kabisa, hakuna kitu.

(Tahadhari moja, maji ni mkaidi kidogo. Vitu vingi vikiganda chembe zinasogeleana, ila za maji zinajipanga na kuacha nafasi, barafu inakuwa kubwa kwa kama asilimia 9 kuliko maji yaliyoiunda, ndo maana inaelea.)

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba chembe za hewa zinakimbia mita kama 500 kwa sekunde. Mbona mtu akifungua manukato upande wa pili wa chumba harufu inachelewa kunifikia?

JIBU: Hiyo kasi ni ya kweli kwa hewa ya kawaida ya chumbani, lakini chembe haiendi mbali kabla ya kugongana na nyingine, inagongwa mara mabilioni kwa sekunde moja na kila ikigongwa inageuzwa njia. Kutoka mgongano mmoja hadi mwingine inasafiri umbali mdogo mno, unene wa karatasi unaupita umbali huo zaidi ya mara elfu moja. Yaani inakimbia sana ila haifiki, na hata hiyo harufu inayokufikia mapema kwa sehemu kubwa imebebwa na upepo mdogo mdogo wa chumbani, kama hewa ingetulia kabisa ungesubiri saa na saa.

Huko kugongwagongwa kuliwahi kuonekana. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown alitazama kwa hadubini punje ndogo sana zilizotoka kwenye chavua (ule unga wa maua), zikiwa ndani ya maji, akaziona zinachezacheza zenyewe bila kukoma. Mwaka 1905 mwanafizikia Albert Einstein akaeleza kwamba ni molekuli za maji zinazigonga kila upande bila usawa, halafu mwanafizikia Mfaransa Jean Perrin akapima akakuta hesabu ya Einstein inakubali, na mwaka 1926 akapewa tuzo ya Nobeli.

We jaribu hivi: tia tone la rangi kwenye glasi ya maji baridi na tone jingine kwenye maji ya moto, usikoroge, kisha niandikie ni wapi rangi imeenea haraka na unadhani ni kwa nini.