Kikombe kilichotugombanisha

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu, na mkono mmoja uling'oka kabla hatujafika nacho shuleni. Mwalimu wa taaluma alikipakata kwenye bodaboda kama mtoto mchanga. Shule ya kwanza wilayani kwa wastani wa darasa la saba! Wazazi wakaleta dumu la mawese na migebuka. Nilikuwa mwalimu mkuu huku Kigoma kwa mwaka wa tatu, na usiku ule nililala usingizi mtamu.

Kasheshe ikaanza Jumatatu. Kikombe kilikuja na bahasha ya shilingi 300,000, nami nikazigawa kwa hesabu ya A za kila somo, walimu wa darasa la saba peke yao. Mama wa darasa la kwanza, mwenye watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, akaambulia soda. Hakusema neno. Ila tangu wiki ile, kengele ya mwisho ikilia tu, keshaondoka. Na hao waliopata A, nani aliwafundisha a-e-i-o-u?

Mwaka uliofuata nikaharibu zaidi, maana sasa nilikuwa na kikombe cha kulinda. Walimu wawili hodari nikawatoa darasa la pili, nikawarundika la saba. Nikaita wazazi wa watoto tisa wa darasa la sita, nikawashauri watoto wakariri darasa "wakomae kidogo." Uongo mtupu, niliogopa watashusha wastani. Wawili hawakurudi tena. Mmoja nilikuja kumkuta mwaloni Kibirizi anabeba magunia. Akanitolea shikamoo, nami nikakosa pa kuweka uso.

Januari 2023, Baraza la Mitihani, NECTA, walipotoa matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora, nilishangilia peke yangu sebuleni. Lakini tusijidanganye: vikao vya tathmini huku chini bado vina wa kwanza na wa mkia.

Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa ofisi ya mwalimu mkuu juzi, mgao wa zawadi ujadilini walimu wote kabla matokeo hayajatoka, uandikwe ubaoni, na darasa la kwanza na mpishi wa uji wawemo. Ukienda kikaoni kutaja wastani, taja pia walioanza darasa la kwanza walikuwa wangapi na waliomaliza ni wangapi. Hapo ndipo ujanja kama wangu unapoumbuka. Kwa watoto, mwite mbele ya mstari aliyetoka 12 akafika 25 kati ya 50, umpe daftari. Utaona anavyolibeba.

Nilipostaafu nilimpigia simu yule mama wa darasa la kwanza, nikamwomba radhi. Akacheka sana.

"Mwalimu," akasema, "na soda yenyewe ilikuwa ya moto."